YAH: Tandiko la mwaka 1841 mlilofungia giaboksi

Kwa Meneja wa kampuni ya kusafirisha mizigo,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa kwenye ghala lenu la Dar es Salaam mimi sikuheshimiwa.

Masharti yenu mnayajua, na fomu ya thamani mliigonga muhuri wenyewe kule Pennsylvania, Marekani: tandiko la kitanda la kale, limefumwa kwa mkono, mtande (nyuzi za urefu) wa pamba nyeupe, mshindio (nyuzi za kukatiza) wa sufu iliyotiwa rangi ya buluu ya nili. Nimefika ghalani, boksi langu tupu. Tandiko limefungiwa giaboksi ya mteja mwingine! Kijana wenu akalishika pembe, akalivuta kama turubai, pembe ikabaki mkononi mwake. Akaniambia mbele ya foleni nzima, "Mama, blanketi kuukuu hili, si nikununulie jipya Kariakoo?" Watu wakacheka.

Pembe ile ndiyo yenye maandishi. Wafumaji wa kule walikuwa wakifuma pembeni jina lao au la aliyeagiza, mahali na mwaka. Palikuwa na jina la bibi wa ukoo wa mume wangu, na 1841. Mama mkwe ana miaka 88. Alilitoa mwenyewe kitandani kwake, limfikie binti yangu kabla ya harusi.

Halafu siku tatu baadaye mkaniletea limefuliwa kwa maji ya moto. Nani aliwaomba? Sufu imesinyaa, pamba haikusinyaa, tandiko zima limejikunja, na mshono wa katikati unaounganisha mapande mawili umeachia. Grisi bado ipo.

Narudia, kwa sababu msimamizi wenu amenijibu kwenye simu kwamba "lilikuwa limechakaa". Halikuchakaa. Kijana alivuta mara ya kwanza, akavuta ya pili, nikapiga kelele, "Mwanangu, acha!" Akavuta ya tatu. Nilizisikia nyuzi zikikatika. Kisha kipande kile, chenye jina la marehemu, akafutia mikono.

Mwanzoni nilitaka kipande hicho na gharama ya kusafirisha, basi. Sasa nataka pia thamani yote iliyo kwenye fomu, malipo ya fundi wa kutunza nguo za kale, na kijana huyo aje amwombe radhi binti yangu ana kwa ana. Nawapa siku 7. Ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani pamoja na wakili, na picha zitafika kila kundi la Watanzania wa Marekani mnakotafuta wateja.

Kipande kile, kama bado kipo, tafadhali msikifue.

Mteja wenu wa miaka sita