Mwanetu atakula nasi Siku ya Shukrani

Lowell, Massachusetts
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa hatujambo, baba watoto hajambo, watoto wazima, baridi tu ndiyo imeshaanza kubisha hodi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, nikaurudia usiku baada ya Isha. Nimekuelewa unavyomuwaza mwanao, mwanetu sote, anayesoma huku: chuo kinafungwa mwisho wa Novemba, wenzake wote wanarudi makwao, yeye abaki bwenini peke yake na hii baridi? Ondoa wasiwasi, somo. Anakuja kwangu. Na kwa kuwa umeniuliza sikukuu yenyewe, Siku ya Shukrani (Thanksgiving), ni ya nini, na kama ina ubaya wowote kwa dini yetu, nimeona nikae nikuandikie, maana haya si mambo ya ujumbe wa dakika mbili.

Huko Tanga najua mnangoja mvua za vuli. Huku ni msimu wa majani kupukutika, na mimi katika mwaka mzima sina wakati niupendao kama huu. Siku zikifupika na usiku ukapoa, miti huacha kutengeneza ule ukijani wake, na rangi nyingine zinajitokeza. Mbele ya nyumba yetu kuna mti wa mepo (maple). Mwanzoni mwa Oktoba huanza tawi moja tu la juu, upande wa barabarani, kugeuka jekundu. Rangi inashuka tawi kwa tawi mpaka mti mzima umewaka. Halafu unakuja upepo wa siku moja na majani yote yako chini. Hapo watoto wanachukua reki, wanayakusanya chungu kubwa uani, wanajitupa ndani yake mpaka wanachoka, ndipo tunayajaza kwenye mifuko mikubwa ya karatasi inayobebwa na gari la manispaa.

Jumamosi za mwezi huu tunakwenda shambani kuchuma matufaha. Unalipia mfuko, unaingia mwenyewe kati ya miti na kuchuma. Na mara moja kila msimu tunaendesha mpaka Carver, kusini-mashariki ya jimbo, kutazama mavuno ya kranberi. Somo, hili natamani siku moja ulione kwa macho yako. Ni tunda dogo, chachu, linaloota kwenye mmea unaotambaa chini. Wakati wa kuvuna wanafurikisha shamba maji, mashine inapita kuyatikisa matunda yaachie, na kwa kuwa kila tunda lina vyumba vya hewa ndani, yote yanaelea juu. Shamba zima linakuwa jekundu, kama mtu ametandika kisutu juu ya maji. Wafanyakazi wanaingia humo wamevaa mabuti yanayofika kifuani, wanayasukuma matunda pembeni ili yanyonywe na bomba na kupakiwa kwenye lori.

Usiku wa tarehe 31, wanaouita Halloween, watoto wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba wamevaa kila aina ya mavazi, wanaomba pipi. Tunawagawia, basi. Pipi nyingi zina jelatini, ambayo huenda imetokana na nguruwe, kwa hiyo za wanangu nanunua mwenyewe.

Sasa tuje kwenye Siku ya Shukrani. Huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, mwaka huu tarehe 27. Watoto wakiwa wadogo hufundishwa shuleni hadithi tamu: Waingereza waliofika Plymouth kwa merikebu mwaka 1620, wengi wakafa majira ya baridi ya kwanza, wenyeji wakawafundisha kulima mahindi, na mwaka 1621 wote wakala pamoja. Sehemu hiyo ni kweli. Barua ya mmoja wa Waingereza wale, Edward Winslow, inasema Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, ndio wenyeji hao, alikuja na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano, na karamu ikaenda siku tatu. Lakini wanangu nimetaka wayajue na yaliyotangulia na yaliyofuata. Kabla merikebu ile haijafika, maradhi yaliyoletwa na watu wa Ulaya yalishafyeka vijiji vya Wawampanoag, na Plymouth yenyewe ilijengwa mahali pa kijiji kilichobaki kitupu. Miaka 55 baada ya karamu, mtoto wa Massasoit, Metacom, aliuawa vitani na kichwa chake kikatundikwa Plymouth, palepale.

Kwa hiyo nikikuambia tunaisherehekea, ujue tunaisherehekea tukiwa tunajua. Plymouth si mbali na hapa. Kila mwaka Alhamisi hiyohiyo watu wa asili hukusanyika pale juu ya kilima cha Cole's Hill, na kwao ni siku ya maombolezo. Walianza mwaka 1970, baada ya Mwampanoag mmoja, Wamsutta Frank James, kualikwa ahutubie kwenye maadhimisho ya miaka 350, waandaaji wakaisoma hotuba yake kabla, wakamkatalia kuitoa. Mwaka jana binti yangu mkubwa alituomba tumpeleke, tukaenda asubuhi, tukasimama kwa heshima pembeni, tukasikiliza. Chakula tulikula usiku. Mwanetu akipenda kwenda, tutampeleka naye.

Kuhusu dini, usitie shaka. Si sikukuu ya kanisa. Rais Lincoln ndiye aliyetangaza mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, siku ya taifa zima kumshukuru Mungu, baada ya mwandishi mmoja mwanamke, Sarah Josepha Hale, kuipigania miaka mingi. Sheria ya Alhamisi ya nne ilipitishwa mwaka 1941. Wapo Waislamu wenzetu hapa wasioifanya, na siwalaumu hata kidogo. Mimi naona siku isiyo na zawadi wala sanamu, watu wanakula na jirani zao na kusema alhamdulillah, inafanana sana na tulivyolelewa.

Bata mzinga, ndiye kitoweo cha siku hiyo, tumeshamwagiza kwa muuza nyama wa halali, maana ukingoja wiki ya mwisho hupati. Ni wa pauni 16, kilo saba na kitu. Huja ameganda, na kila pauni nne hivi zinataka siku nzima ya friji barafu iyeyuke, kwa hiyo Jumamosi usiku namtoa kwenye friza, na Jumatano usiku, nyumba ikitulia, ndipo nashika kazi. Natwanga kitunguu saumu na tangawizi, natia bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki, chumvi, ndimu na siagi. Halafu naingiza vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari, naanzia shingoni, mpaka ngozi iachie bila kuchanika, na masala naisukuma ndani kwa kiganja hadi ifike mapajani. Ukimpaka juu tu, viungo vinaungua na nyama inabaki chapwa. Ndani ya tumbo lake wanaweka kipakiti cha shingo, firigisi na maini. Maini naweka kando, yatatia uchungu. Shingo na firigisi nachemsha na vitunguu mpaka supu ikolee, na supu hiyo ndiyo ninayopikia pilau ya Alhamisi. Kwangu chakula chenyewe ndicho hicho, somo. Bata mwache apambe meza, sufuria inayomalizwa ni ya pilau.

Anakaa kwenye oveni saa tatu na nusu au nne. Baba watoto ndiye mwenye kipimajoto: anakichoma kwenye paja, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa, na ikifika nyuzi 74 za Selsiasi tunamtoa, tunamwacha nusu saa ajitulize kabla ya kukatwa. Muda huo ndio wa kupika kranberi. Naziweka na sukari, tangawizi na pilipili mbuzi moja, na zikipata moto ngozi zao zinapasuka moja moja, unasikia pwa, pwa, ndani ya sufuria, mpaka yote inageuka rojo zito. Mama alipoionja alipotutembelea alisema hii ni achari, wala asidanganywe na mtu.

Wageni wetu ni walewale. Kuna mzee jirani, mjane, aliyezaliwa mji huuhuu. Yeye huleta pai ya boga. Familia ya Kikambodia ya ng'ambo ya barabara huja na rolo za kukaanga (Lowell ina Wakambodia wengi sana, na majirani bora kuliko hao sijawahi kupata). Rafiki zetu Wakenya huja na chapati. Asubuhi watoto hutazama gwaride la sherehe la New York kwenye televisheni, na shule za sekondari hucheza mpira wao wa Kimarekani na watani wao wa jadi. Saa saba mchana, kwenu saa tatu usiku, tunampigia mama, naye ndiye anayetuombea dua, simu imeegemezwa kwenye jagi. Tukishakaa, kila mmoja anasema jambo moja analoshukuru mwaka huo. Mwaka jana yule mzee alishukuru kwa sababu tangu mkewe afariki hajala siku hiyo peke yake. Mwanangu mdogo aliinuka akaenda kukaa karibu naye.

Ijumaa wengine wanakimbilia madukani. Sisi tunakunja sambusa za nyama iliyobaki.

Sasa mambo ya safari. Mwanetu apande basi la Jumatano mchana, si la jioni, maana siku hiyo nusu ya Marekani iko barabarani. Akate tiketi sasa hivi. Atateremka Boston, stesheni ya South Station, na baba watoto atakuwa anamngoja ndani, si nje, kwa sababu mwisho wa Novemba jua linazama saa kumi na robo na upepo wa pale unakata. Kama hajanunua koti la maana asinunue, ninalo la binti yangu ambalo limemfupia yeye na litamtosha mwanetu. Mwambie asilete chochote mkononi. Nimemwekea kazi ya kukunja sambusa, najua umemfundisha.

Na wewe, Alhamisi hiyo usilale mapema. Tukimaliza na mama tunakupigia wewe, umwone mwanao akiwa mezani. Akipatikana mtu wa kuja huku, nifungie iliki kidogo na bizari nzima ya sokoni Ngamiani.

Nisalimie shemeji na wote nyumbani.

Mimi somo yako