Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: uongozi wa CAF na kanuni yetu ya manda

Wababa, wamama na vijana wa chama chetu cha wapenzi wa soka, Lubumbashi,

Michango imeingia vizuri. Mtunza hazina atawasomea hesabu. Mimi nitabaki kwenye jambo lililotuchukulia jioni nyingi pale Kamalondo: historia ya uongozi wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, tuliyoifuatilia kabla ya kugusa kanuni yetu ya manda, yaani muhula wa uongozi.

CAF ilizaliwa Khartoum mwaka 1957. Marais wawili wa kwanza walitoka Misri, akafuata Abdel Halim Mohamed wa Sudan, halafu Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, kuanzia 1972 hadi alipofariki 1987. Huyo namheshimu kuliko wote, kwa jinsi alivyoipinga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi bila kuyumba.

Tuliyemjadili zaidi ni Issa Hayatou wa Kameruni, 1988 hadi 2017. Tusimdhulumu. Alikuta Kombe la Afrika lina timu 8, akaliacha na 16. Nafasi za Afrika kwenye Kombe la Dunia zilitoka 2 zikafika 5. Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, ilibeba ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, yeye akiwa rais. Lakini mwaka 2012 ikapitishwa kwamba anayegombea urais lazima awe mjumbe wa kamati tendaji, na 2015 kikomo cha umri wa miaka 70 kikaondolewa. Hapo kikao kilichemka. Mzee wetu mmoja, aliyeishangilia Englebert ya 1967, jina la zamani la Mazembe, alisema anayefanya kazi vizuri aachwe aendelee. Nilimjibu kwa heshima, na leo narudia: mzee, sheria ikishakatwa kwa kipimo cha aliyekalia kiti, nani tena atapata nafasi ya kuonyesha kazi yake?

Tarehe 16 Machi 2017, Addis Ababa, Ahmad Ahmad wa Madagaska alimshinda Hayatou kwa kura 34 dhidi ya 20. Mwaka 2020 FIFA ikamfungia kwa makosa ya maadili, yakiwemo ya fedha. Mkongomani mwenzetu Constant Omari alikaimu, hadi Patrice Motsepe alipopitishwa Rabat, Machi 2021, bila mpinzani. Kwa hiyo kubadilisha mtu tu hakutoshi.

Kamati inawaletea mapendekezo haya: mwenyekiti asizidi manda mbili, kanuni ya uchaguzi ikibadilishwa, ianze kwa kamati inayofuata, na daftari la fedha liwekwe mezani kila kikao, mwanachama yeyote alifungue. Manda yangu ya pili inakwisha, jina langu msiliandike. Karatasi za kura ziko kwa katibu.