Watoto waachiwe washike

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo la watoto kusoma sayansi bila kushika vifaa limenikaa moyoni tangu likizo iliyopita.

Tulienda Tanga kumsalimia bibi yao, basi nikawapitisha wanangu wawili pale STEM Park, ile bustani ya sayansi. Nikajua tutakaa nusu saa tukale, si sehemu ya kuzunguka siku nzima, lakini tumetoka jua linazama na huyu mdogo analia hataki kuondoka.

Kilichowashika ni kitu rahisi mno. Mkono wa kuzungusha kama wa cherehani, umeungwa na dinamo, kile kifaa cha kuzalisha umeme kikizungushwa, halafu balbu mbili na swichi, moja ile ya zamani ya wati 60 na nyingine ya kisasa, LED, ya wati 9. Binti yangu yuko darasa la tano, akazungusha balbu zote zimezimwa, mkono mwepesi unateleza tu. Kaka yake akawasha LED, ukakaza kidogo na mwanga huo ukatoka. Kaka akahamia ile ya zamani, mkono ukawa mzito ghafla, binti anazungusha kwa mikono miwili jasho linamtoka na balbu inatoa kamwanga kekundu tu, akaniuliza "mama, nani ameushika?" Kumbe hamna aliyeushika, ni umeme wenyewe, ukishaanza kupita kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya dinamo, unageuza koili kuwa sumaku inayovuta kinyume na wewe, yaani mwanga wote unaoupata umeulipia kwa nguvu ya mkono wako.

Usiku ule binti alienda mwenyewe kuzima taa ya uani kwa bibi. Na siku ya kurudi Dar, tulipofika Hale, penye kituo cha umeme wa maji, nikamwambia hapa ndo maji ya mto Pangani yanafanya ile kazi uliyokuwa unafanya wewe, akashika kioo cha basi mpaka tukapita.

Sasa nilipofungua daftari lake la sayansi nyumbani nikakuta dinamo imechorwa vizuri, imenakiliwa ubaoni, ina tiki nyekundu. Aliipata yote na hakuwa ameelewa chochote. Shuleni kwao kabati la vifaa lipo, limefungwa kufuli, na mwalimu simlaumu sana maana kikivunjika ataulizwa yeye.

Lakini hivi vitu havihitaji mabilioni. Frank Oppenheimer, mwanafizikia wa Marekani aliyefungua Exploratorium kule San Francisco mwaka 1969, kabla ya hapo alikuwa anafundisha sekondari ya kijijini na alikuwa anawapeleka wanafunzi dampo kutafuta vyuma vya kujifunzia. Sisi tuna mafundi wa eneo la Gerezani hapa Dar, tuna sumaku za spika mbovu, kapi za visimani, ringi za baiskeli zimejaa kila mtaa. Naomba halmashauri zetu hapa Dar kila moja itenge japo chumba kimoja cha darasa, mafundi wapewe oda, walimu wahakikishiwe kwamba kikivunjika kitatengenezwa wala hawatakatwa mshahara, na watoto waachiwe washike.

Mimi kwa huku Temeke naanza na dinamo ya baiskeli ya marehemu baba. Nimeijaribu juzi, bado inawasha taa.

Mama wa wawili,
Temeke, Dar es Salaam