Barua kwa mwanangu: kabla ya kusoma ibara, hesabu kura

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeuliza Dk. Sengondo Mvungi alikuwa nani, na kwa nini anatajwa kila mjadala wa Katiba mpya unapoanza. Ni mtu wa mkoa wetu, wa Mwanga huku upareni. Alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2005 akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Hakufikisha asilimia 1 ya kura. Usimpime kwa hilo. Mwaka 2012 Rais Kikwete alimteua kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na huko ndiko elimu yake ilikopata kazi.

Tume ilikuwa na wajumbe 30, nusu Bara na nusu Zanzibar, pamoja na mwenyekiti, Jaji Warioba, na makamu wake, Jaji Augustino Ramadhani. Walianza Mei 2012, wakazunguka wilayani kusikiliza watu mikutanoni. Asiyetaka kusimama mbele ya watu aliandika. Rasimu ya kwanza ilitoka Juni 2013, ikarudishwa kwa wananchi kupitia mabaraza ya katiba, yaani mikutano ya wawakilishi wa wananchi ya kuijadili.

Hapo palianza kasoro. Kupata wajumbe wa mabaraza hayo, mkutano mkuu wa kijiji ulichagua watu wanne: mwanamke, kijana, mtu mzima na mwingine yeyote. Majina hayo yakapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, nayo ikachuja ikabakiza wanne kwa kata nzima. Sasa jiulize, kamati hiyo ni ya nani? Ni ya diwani na wenyeviti wa vijiji, watu waliopata viti kwa tiketi za vyama. Ndiyo maana malalamiko yalijaa kwamba chujio lilikuwa la chama tawala, CCM.

Dk. Mvungi hakuiona Rasimu ya Pili ikikabidhiwa. Alivamiwa nyumbani kwake Dar es Salaam mapema Novemba 2013, akafariki tarehe 12 mwezi huo akitibiwa Afrika Kusini. Rasimu ilikabidhiwa tarehe 30 Desemba. Zilibaki wiki saba tu, mwanangu, na hilo bado linauma.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mbele. Watu hudhani Tume ndiyo iliyoamua, kumbe yenyewe iliandika tu. Wenye kuamua walikuwa Bunge Maalumu lililoanza Dodoma Februari 2014. Hesabu uone. Waliingia wabunge wote, wakaingia wawakilishi wote wa Zanzibar, kisha wakaongezwa wajumbe 201: wa vyama 42, wakulima 20, wafugaji 10, wavuvi 10, wa dini 20, na makundi mengine. Jumla ilizidi 600. Mkulima na mvuvi wangefanya nini mbele ya wabunge ambao wengi wao walikuwa wa chama kimoja, CCM? Tena Warioba alipokwisha kuwasilisha rasimu mwezi Machi, Tume ikavunjwa, kwa hiyo hapakubaki mtu wa kueleza kwa nini ibara fulani iliandikwa hivyo. Aprili, UKAWA, umoja wa wajumbe wa upinzani, wakatoka ukumbini.

Ili katiba ipite, sheria ilidai kura za theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, Bara peke yake na Zanzibar peke yake. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini hailindi rasimu kama waliomo ukumbini tayari wana upande. Bunge hilo lilipitisha toleo lake, Katiba Inayopendekezwa, Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole, ulikuwa haujakamilika.

Nimekufungia nakala mbili, Rasimu ya Pili na Katiba Inayopendekezwa. Zifungue pamoja. Anza na muundo wa Muungano, uone serikali tatu zilivyorudi kuwa mbili. Kisha nenda sura ya Bunge, utafute haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao na ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Kwenye kitabu cha kwanza utavikuta vyote viwili. Kwenye cha pili usijichoshe kutafuta.

Mama yako