Upepo tu

Houston, Texas
19 Julai 2024

Mwanangu Zuhura,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na bibi yako na wote hapo Kilwa Kivinje. Sisi hatujambo, na safari hii ni kweli. Wiki iliyopita uliponipigia nikakujibu "hatujambo, upepo tu", nilikudanganya. Na bibi yako nilimdanganya vilevile. Barua nampa jirani anayesafiri kwenda Dar Jumapili, pamoja na dawa za bibi na miwani yake. Nimeona niandike kwa mkono, maana mengine hayasemeki kwenye simu iliyobakiza chaji asilimia nne, tena na Idi amekaa pembeni anasikiliza.

Kwanza nicheke mimi kabla hujanicheka wewe. Unakumbuka mwezi wa sita ulivyoninung'unikia kwamba umeme wa Kivinje umekatika saa tatu nzima? Nilikwambia utazoea. Sasa mama yako amekaa siku nane bila umeme, katika mji unaojiita mji mkuu wa nishati duniani.

Hicho kimbunga Beryl tulikiona kikija tangu mbali. Julai mosi kilipiga kisiwa cha Carriacou, kule Grenada, tukaona kwenye televisheni kisiwa kizima kama kimenyolewa, nyumba hazina mapaa. Usiku ule kikapanda hadi daraja la tano, la juu kabisa, na Atlantiki haijawahi kuona kimbunga cha daraja hilo mapema hivyo katika mwaka. Kikapita Jamaika, kikapita Meksiko. Mpaka Ijumaa watabiri walikuwa bado wanakielekeza kusini, huko Corpus Christi, nami nikaenda zamu yangu kama kawaida. Jumapili njia imepinda, inatuelekea sisi. Nilipofika dukani maji ya chupa yamekwisha, nikarudi na mishumaa na mkate mmoja uliobondeka. Baba yako yuko na lori lake Oklahoma.

Kikatua karibu na Matagorda, pwani ya Texas, alfajiri ya Jumatatu tarehe 8, yapata saa kumi. Daraja la kwanza tu, na watu wengi hapa daraja la kwanza hawalihesabu. Ule mwaloni wa mbele, wenye bembea ya Idi, ulikuwa unalia kama foromali ya jahazi linapogeuza tanga. Nilimchukua Idi tukaketi bafuni, ndani ya sinki la kuogea, na godoro juu yetu. Nikasoma Ayatul Kursiy mpaka ulimi ukakauka. Kisha mwaloni ukakatika. Haukuangukia nyumba, alhamdulillahi, uliangukia waya. Cheche za kijani zikamulika dirisha mara mbili, feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Wewe uliyesoma jiografia utanisahihisha, lakini nimeambiwa vimbunga vyetu huku huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na vya huko kwenu huufuata mshale. Kwa aliyekaa ndani ya sinki haina tofauti.

Maji yalikuja baadaye, upepo ulipokwisha kutulia. Mto wa Brays, pale unapopenda kuendesha baiskeli, ulipanda mpaka ukaacha kuonekana kama mto, ukawa barabara. Kwetu yalifika ngazi ya pili na kuingia gerejini kina cha vidole vinne. Idi akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, ule mkeka wa nani?" Nikatazama. Kitu chekundu-kahawia, ukubwa wa mswala mdogo, kinaelea polepole kuelekea kwetu. Walikuwa sisimizi wekundu, Zuhura. Maelfu, wameshikana miguu kwa miguu, wamebeba mayai yao juu, wanasafiri. Nikawasukuma kwa fagio la mti mrefu, na bado wawili watatu walipanda fagio wakaniuma. Maji yalipotoka jioni yakaacha tope lenye harufu ya dizeli na kiatu kimoja cha mtu.

Mafuriko yalikwisha siku ile. Kilichotutesa ni joto. Wateja zaidi ya milioni 2.2 wa mji huu na vitongoji vyake walikuwa gizani, na Jumanne jua likatoka kama limetumwa. Nyumba za huku hazikujengwa kupitisha upepo. Madirisha mengine hayafunguki, dari liko chini, kila kitu kimetegemea mashine ya kupoza. Ile nyumba ya bibi unayoiona ya kizamani, yenye ukuta mnene na baraza, ningeilipia. Usiku nilimlaza Idi sakafuni juu ya vigae na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji, kila nusu saa, kama mtoto mwenye homa.

Kampuni ya umeme haikuwa na hata ramani ya kutuambia nani atarudishiwa lini. Unajua watu walitumia nini? Programu ya simu ya Whataburger! Ukiifungua unaona mikahawa ipi iko wazi na ipi imefungwa, basi wenye akili wakajua umeme umefika mtaa gani. Mji wenye wataalamu wa mafuta na gesi kutoka dunia nzima ukawa unatafuta umeme kwa kufuata mikate ya nyama. Hata Galveston, nyuma ya ule ukuta wao mkubwa wa kuzuia bahari walioujenga baada ya kimbunga cha 1900 kuua watu zaidi ya 6,000, walikaa gizani kama sisi.

Bibi yako alinipigia Jumanne. Hakuuliza habari za umeme, aliuliza, "Kwenye friza una samaki?" Nikamwambia nina nguru, kilo nne. Akasema mpasue mgongoni, mtie chumvi, mwanike, utapata ng'onda. Aliongea kana kwamba nina uwanja na mabati. Nikampasua ninavyokumbuka, nikamwanika juu ya boneti ya gari, maana ndiyo iliyokuwa ya moto kuliko vyote. Kufika saa tisa alasiri paka wa mtaa mzima wamenijua jina. Nadhani nilimpasua upande usio wake. Ulizia.

Sasa lile ambalo sikukwambia.

Unakumbuka jenereta tulilonunua Mei, baada ya ile dhoruba ya tarehe 16 iliyovunja vioo vya maghorofa mjini? Jumanne niliweza kuliwasha mwenyewe, nikajisifu. Niliweka nje, nyuma, mbali na dirisha, kama maandishi yake yanavyosema. Lakini jioni mtu mmoja hapa mtaani akaibiwa lake, wamelikata mnyororo likiwa linanguruma. Manyunyu nayo yakaanza. Nikawaza: baba hayupo, likienda hili tumekwisha. Nikalivuta nikaliingiza gerejini. Mlango wa nje nikauacha wazi kiasi cha mkono, waya nikaupitisha mlango wa ndani, feni ikamwelekea Idi. Nikalala kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Saa nane usiku nikasikia mlango unapigwa kama unavunjwa. Nilitaka kuinuka, miguu ikawa si yangu. Kichwa kinagonga. Nilifikiri ni uchovu. Nikatambaa mpaka mlangoni. Ni Mama Furaha, yule wa Bukavu ambaye wewe na Idi mnamwigiza Kiswahili chake. Alikuwa amekaa nje kwa joto, akasikia mlio wa mashine umebadilika, unatokea ndani ya nyumba. "Zima iyo gurupe! Batoto biko wapi?" Gurupe kwao ndiyo jenereta. Hakungoja jibu. Alinipita, akarudi na Idi begani, akamlaza kwenye nyasi zilizolowa, ndipo akaenda kuzima mwenyewe.

Idi alitapika. Nimshukuru Mungu kwa matapishi yale, kwa sababu kabla ya hapo hakuwa anajibu akiitwa. Watu wa zimamoto walikuja na kifaa chao, kikaanza kulia kabla hawajavuka kizingiti. Wakamvalisha Idi barakoa ya oksijeni, tukapelekwa hospitali, tukatoka kesho yake mchana. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mmoja wao aliniambia, bila kunigombeza, kwamba simu za namna hiyo zilikuwa zikiwaingilia usiku na mchana, nyingi zikiwa ni majenereta. Mama Furaha alishaiona mwaka 2021, wakati wa ile baridi ya Februari, watu walipokuwa wanawasha magari ndani ya gereji ili wapate joto.

Kinachonikosesha usingizi si hicho tu. Mimi nimelelewa na bibi yako. Hata siku ya mvua ya masika, hata nikiwa na homa na meno yanagongana, hakuniruhusu kulala na jiko la mkaa chumbani. Alikuwa akilitoa barazani kwanza, hata kama chungu hakijaiva, kisha ndiyo afunge mlango. "Mkaa unaua watu wamelala," anasema. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Na ni sumu ileile, Zuhura. Kwa kuwa hili lina gurudumu na kitabu cha maelekezo, sikulitambua.

Umeme umerudi Jumanne, siku ya Ashura. Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nimekaa ngazini nasubiri magharibi, ambayo huku sasa ni karibu saa mbili na nusu za usiku, mara friji likakohoa ndani. Idi alikimbia akafungua taa zote, hata ya stoo. Niliweka bilauri ya maji kwenye friza nikaisubiri, nikachelewa kufuturu makusudi. Mungu anisamehe.

Jenereta nimempa Mama Furaha. Alicheka, akasema litakaa nje, na mlinzi wake atakuwa mume wake. Na nimenunua vile vidude vya kugundua hewa hiyo, viwili, kimoja kiko kichwani kwa Idi.

Mwezi wa tano, kile kimbunga Hidaya kilipopita Mafia, nilikaa siku mbili nampigia bibi yako simu haipatikani, umeme umekatika huko karibu nchi nzima, barabara imekatika Somanga. Alipopatikana akasema, "Hatujambo, upepo tu." Nikamwamini. Huyu ni mtu aliyekiona kimbunga cha Lindi cha 1952 akiwa mtoto wa miaka sita, nikafikiri anajua anachosema. Ni wewe, ulipofika mwezi wa sita, uliyeniandikia kwamba jiko halina paa na minazi mitatu imelala.

Basi hii ya gereji usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikija Desemba, uso kwa uso, nikatukanwe vizuri. Mwambie tu nguru aliliwa na paka, akufundishe kumpasua nawe unifundishe mimi. Pesa za mabati baba yako atatuma mwisho wa mwezi.

Na uniandikie ukweli. Ule mnazi wa tatu ulioutaja, ambao bibi hataki kuuzungumzia, uliangukia upande gani wa nyumba, na siku ile alikuwa amelala chumba kipi?

Mama yako