Karanga zangu zina kosa gani sinema?

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu wawili na mpwa wangu sinema, kwenye jengo moja la maduka hapa Dar es Salaam. Niliwaahidi kabla ya mtihani wa muhula, wakafaulu, na ahadi ni deni. Deni lenyewe hili hapa: tiketi 4 za shilingi 15,000 ni 60,000. Miwani ya 3D hulipiwa kando, 8,000 kwa wote wanne. Bisi ndoo mbili za kati, 16,000. Soda tatu, 9,000. Maji ya nusu lita, ambayo dukani kwa Mangi mtaani kwetu ni 500, niliuziwa 2,000. Weka na bajaji ya kwenda na kurudi Tabata, 14,000, unapata 109,000. Mwanangu mdogo, wa miaka 6, kalipiwa sawasawa na mimi, na nusu ya filamu kalala mapajani kwangu.

Tiketi sitaigombea sana. Wiki za mwanzo za filamu sehemu kubwa ya hela ya mlangoni huenda kwa wasambazaji, na projekta hununuliwa kwa dola. Kuna VAT, kuna pango, kuna kiyoyozi kisichozimwa. Mwenye ukumbi anakula kwenye bisi, ndivyo biashara ya sinema ilivyo dunia nzima. Sawa, ale. Lakini yaliyonikuta mlangoni yameniuma.

Nilikuwa na chupa ya maji ya mtoto na kifuko cha karanga nilizokaanga mwenyewe asubuhi. Mlinzi akafungua mkoba, akavitoa. "Mama samahani, hivi haviingii." Nikamwambia maji ni ya mtoto. "Nakuelewa mama, ila maji yanauzwa ndani." Hakuwa na ujeuri, kijana wa watu, katumwa. Akaviweka chini ya meza, akasema nitavikuta nikitoka.

Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka Drive-In ya Msasani, sinema ya uwanjani ya kuangalia ukiwa kwenye gari, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Mjomba alikuwa na pikapu. Watoto tulipakiwa nyuma na mkeka, mihogo ya kukaanga, kachori na chupa ya chai, spika inatundikwa dirishani, na hakuna aliyewahi kufunua sufuria yetu kuuliza tumebeba nini. Kule mjini kulikuwa na kumbi za Avalon, Empire, Empress na Odeon. Bei zilikwenda kwa viti: wa mbele, shingo juu chini ya pazia, analipa kidogo, wa balkoni analipa zaidi. Kuli wa bandarini na karani wa benki wakaangalia filamu ileile ya Kihindi usiku uleule. Leo bei ni moja, na kuli simuoni.

Simuoni kuli, na wala simuoni karani. Taa zilipowaka niliwahesabu watu: tulikuwa 11. Jumamosi alasiri! Filamu ikishawashwa umeme ni uleule na kiyoyozi ni kilekile, wawe watu 11 au 200, na kiti kitupu hakinunui bisi. Siku ya punguzo ipo, lakini ni katikati ya wiki watoto wakiwa shule, na filamu mpya haihusiki. Hilo punguzo analipata nani?

Kwenye bajaji mkubwa wangu, ana miaka 13, akaniuliza: "Mama, kwani tusingeisubiri kibandani?" Kibanda umiza, kile cha video cha mtaani kwetu, kuingia ni jero, shilingi 500. Benchi la mbao, joto la kufa mtu, lakini filamu imeshatiwa Kiswahili na sauti inafika mpaka barabarani. Zile ni za kuchoma, najua, aliyetengeneza filamu hapati hata senti, na siku zote nimekuwa nikimkataza. Safari hii nilikosa jibu. Nikajifanya naongea na dereva kuhusu foleni ya Ubungo.

Naomba wenye kumbi wanisikie kwa mambo machache tu. Mtoto awe na bei ya mtoto. Miwani kama ni lazima, iingizwe kwenye bei ya tiketi mtu ajue anachodaiwa kabla hajapanga foleni. Punguzo liwe hata Jumamosi asubuhi, wakati ukumbi umelala. Na maji, jamani. Kama mna wivu na karanga zangu nitaziacha nyumbani, lakini mtoto aingie na maji yake.

Karanga zenyewe sikuzipata. Tulipotoka zamu ilikuwa imebadilika, na mlinzi mpya hakuwa na habari na kifuko chochote. Chini ya meza kulikuwa na maganda.

Mama wa wawili,
Tabata, Dar es Salaam