Ngazi ya Pilates haipandwi kwa tarehe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie Pilates, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo kwa kuongoza pumzi, na hasa ratiba za "Pilates ya siku 30" ambazo watu wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp na kuzifuata nyumbani, simu ikiwa imeegemezwa ukutani. Nyingi hupangwa hivi: wiki ya kwanza magoti yamekunjwa, ya pili miguu hewani, ya tatu kubiringika kwa mgongo, ya nne kukaa umbo la V, yaani kukalia makalio huku miguu na kifua vimeinuliwa. Ratiba haiulizi kama zoezi la juzi umelimudu, inauliza leo siku ya ngapi. Mtu anafika siku ya 20 ameshika kiuno, kisha anasema Pilates haimfai.

Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki New York mwaka 1967, aliuita mfumo wake Contrology, jina lenye maana ya elimu ya kuutawala mwili. Mazoezi yake ya sakafuni ni 34, na la kwanza kabisa ni la Mia. Hapo wengi hudanganyika. Mia limewekwa mwanzoni kwa sababu linapasha mwili moto na kuamsha pumzi, si kwa sababu ni jepesi. Likifanywa kwa miguu iliyonyooka, ni gumu kuliko kadhaa yanayolifuata, kwa hiyo anayefuata orodha kwa mpangilio wake anaanza na mlima.

Mia lenyewe ni hivi: unalala chali, unainua kichwa na mabega mpaka zibaki ncha za chini za mifupa ya mabega kugusa sakafu, mikono inapigapiga hewani kando ya mwili. Mapigo 5 ukivuta pumzi, 5 ukiitoa, mara 10. Ugumu wake mkubwa uko miguuni. Miguu miwili ni takriban theluthi ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 ana zaidi ya kilo 20 zinazoning'inia kutoka nyongani. Kadiri anavyoishusha kuelekea sakafu ndivyo inavyozidi kuvuta, kama ndoo ya maji uliyoibeba huku mkono umeunyoosha mbele. Tena, baadhi ya misuli inayoizuia isianguke imejishikiza kwenye pingili za kiuno. Tumbo likichoka, misuli hiyo hukivuta kiuno, mgongo unajikunja kama upinde, na mzigo unahamia kwenye pingili.

Kwa hiyo ndani ya zoezi moja mna ngazi nzima. Nyayo chini na kichwa chini, mikono na pumzi tu. Kisha kichwa juu. Kisha goti moja juu ya nyonga, likikunjwa pembe mraba, halafu yote mawili. Kisha miguu imenyooka kuelekea dari, na mwisho inashushwa kidogo kidogo hadi nyuzi 45. Anayeruka kutoka hatua ya pili kwenda ya mwisho hajapanda, ameanguka kwenda juu.

Sasa, utajuaje kipago cha leo kimekwisha kuwa chako? Kanga inatosha kukuambia. Ikunje mara nne, iweke chini ya kiuno, ncha moja itokeze pembeni. Miguu ikiwa juu, kandamiza kiuno juu yake kwa upole, kisha anza kuishusha huku mwenzako akiivuta kanga taratibu. Pale inapochomoka, kiuno kimeshainuka. Rudisha miguu juu kiasi cha shubiri moja. Hapo ndipo unapofanyia kazi kwa sasa, hata kama mwalimu wa kwenye video yuko chini zaidi. Kila mgongo una kijinafasi chake cha asili pale kiunoni na hakuna haja ya kukigandamiza katika kila zoezi, lakini anayeanza, miguu yote ikiwa hewani, anakihitaji kiuno kitulie chini.

Kipimo cha pili ni cha nyonga, na mafundi waashi watakitambua. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, bakisha nusu, uilaze juu ya tumbo la chini kutoka mfupa mmoja wa nyonga hadi wa pili. Hiyo ni pima maji yako. Magoti yamekunjwa, inua mguu mmoja, urudishe, inua wa pili, mara 10 kila upande. Maji yakihamia upande mmoja au chupa ikibiringika, nyonga inayumba, na kila zoezi la mguu mmoja litayumba vilevile. Simu iliyozoea kukuonyesha video na ikupige picha ya pembeni.

Cha tatu ni pumzi, na kwangu hiki kinatangulia vyote. Pumzi ya mara ya kumi ifanane na ya kwanza. Mtu akianza kuibana, shinikizo ndani ya tumbo linapanda na linatafuta pa kutokea: mbele, tumbo likainuka tuta katikati kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni, au chini, mkojo ukachuruzika. Tuta hilo ni ishara kwamba mzigo umezidi, hata kama huhisi maumivu yoyote. Mama aliyejifungua, kwa kawaida au kwa upasuaji, aliangalie kila anapoinua kichwa, na asianze ngazi hii kabla ya kuchunguzwa na mtaalamu wa afya.

Vipimo hivyo vikikubali, bado usikimbilie. Kanuni ninayoiamini ni mara 8 hadi 10, kwa mwendo wa hesabu 4 kwenda na 4 kurudi, siku 3 tofauti zenye pumziko kati yake, na mara mbili za mwisho zisipishane na mbili za mwanzo. Ukifika hapo, badilisha kitu kimoja tu: ama unyooshe goti, ama uongeze umbali wa mwendo, ama upunguze mwendokasi, ama uondoe mkono uliokuwa unakusaidia. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na kiuno kikauma, hutajua cha kulaumu. (Wenye bahati ya kufundishwa kwenye mashine ya springi, yaani kitanda cha Pilates kinachoteleza huku springi zikikivuta, wajue jambo moja: kupunguza springi si kulegeza zoezi siku zote. Kwenye mazoezi ya kujishikilia kwa mikono, kitanda chenye springi nyepesi huteleza zaidi, na tumbo hufanya kazi zaidi.)

Zoezi linalodhihirisha haraka ni lile la kuinuka kutoka kulala hadi kukaa, pingili moja moja. Anayelazimisha utamwona: anarusha mikono, visigino vinaruka, kidevu kinatangulia, kisha katikati ya njia anapita kwa kishindo. Ile sehemu aliyoiruka kwa kishindo ndiyo hasa iliyohitaji kazi. Arudi nyuma aanzie akiwa amekaa, magoti yamekunjwa, mikono nyuma ya mapaja, ajishushe mpaka nyayo zianze kutaka kuinuka, asimame hapo pumzi moja, arudi. Kila wiki chache ataona anashuka chini zaidi. Kanga ikizungushwa kwenye nyayo na kushikwa ncha zote mbili inasaidia sana. Na tusimcheke mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi. Kwake zoezi hili ni zito kwa maumbile, si kwa uvivu.

Kutetemeka kwa misuli ni kawaida. Tumbo kuwanga siku moja hadi tatu baadaye ni kawaida pia. Shingo ikichoka, laza kichwa na uendelee. Mara nyingi chanzo ni kuinua kidevu badala ya kifua. Lakini maumivu ya kiuno wakati wa zoezi, au mgongo uliokaza zaidi asubuhi yake kuliko ulivyokuwa, ni amri ya kurudi kipago kimoja. Maumivu yanayoshuka kutoka makalioni hadi mguuni, ganzi, udhaifu wa mguu, kizunguzungu: acha, na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kuna ambao ngazi hii si yao kwa ukamilifu. Mwenye mifupa iliyodhoofika, hasa wazee, asijikunje mbele kwa nguvu wala kubiringika kwa mgongo, kwa sababu pingili dhaifu zinaweza kuvunjika kwa kukandamizwa. Mwenye presha ya macho aache mazoezi ya kupeleka miguu juu ya kichwa. Mwenye presha ya kupanda asibane pumzi na aulize daktari kwanza. Mjamzito aliyevuka mwezi wa nne asilale chali kwa muda mrefu. Kila mmoja wao ana mazoezi mengine mazuri ya upande, ya kupiga magoti au ya kusimama.

Na sakafu nayo. Mkeka wa ukili juu ya vigae huteleza, na godoro jembamba la yoga la milimita 4 halizuii pingili kugonga saruji. Kwa kubiringika tandika blanketi lililokunjwa mara mbili au tatu juu ya kitu kisichoteleza, na ubiringike hadi mabegani tu, kamwe usifike shingoni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti linapochapisha picha ya mtu aliyekaa umbo la V, chini yake iwekwe picha ya hatua inayoitangulia, magoti yakiwa yamekunjwa na mikono imeshika mapaja, pamoja na mstari mmoja unaosema ni dalili gani ikitokea msomaji aache.

Mkufunzi wa mazoezi ya viungo,
Tanga